Kukalafati mashua inayovuja

Ikiwa umeachiwa mashua ya mbao na imeanza kuvuja, usiikate kuni. Ikalafati, yaani ziba maungio ya mbao kwa pamba. Babu yangu alinifunza kazi hii Bandari ya Kale, Mombasa, na wenzangu wengi wa chembeu, patasi ya kukalafatia, sasa ni marehemu, kwa hivyo naiandika.

Ngoja bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kiasi. Ipandishe maji yakijaa. Yakipwa itabaki mchangani, uiegemeze kwa gadi pande zote mbili. Kwangua makome, kisha ng'oa pamba kuukuu kwenye maungio. Hapa usiwe na haraka. Pamba nyeusi iliyooza ikibaki ndani, mpya haishiki, na maji yatapita palepale.

Pamba mpya isokote juu ya paja iwe kamba nyembamba, uichovye kwenye sifa, yaani mafuta ya papa. Harufu yake haitoki mkononi siku tatu. Mimi naipenda, maana ndivyo alivyonukia babu. Sindilia kwa chembeu na nyundo, ukianzia mkukuni, ule mti wa chini kabisa wa mashua, ukipanda. Sikiliza: pamba ikiwa bado legevu sauti huwa nzito, ikikaa sawa, huwa kavu. Hapo acha. Mbao zitavimba zikinywa maji, na ukizidisha zitasukumana hadi misumari ilegee.

Kijana mmoja aliniletea mashua aliyoiziba kwa simenti. Ilibanduka vipande vipande baharini. Mbao hucheza, simenti haichezi.

Sehemu inayokaa majini ipake deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu iliyoyeyushwa. Ipake kwa mkono ingali vuguvugu, ndiyo kinga ya wadudu wanaotoboa mbao. Huko juu sifa tupu yatosha.

Zamani nisingehitaji kuandika haya. Majahazi ya Arabuni na Uhindi yalikuja na upepo wa kaskazi, yakangoja upepo wa kusi hapa Mombasa, na kabla ya kurudi na boriti za mikoko yalikalafatiwa. Mwaka 1982 boriti zikapigwa marufuku kupelekwa nje. Wavuvi nao wakahamia mashua za faiba, na ukataji miti uliposimamishwa misitu ya umma mwaka 2018, ubao mzuri ukawa wa kutafutwa. Inaniuma kuona mtoto wa fundi akishindwa kuitambua chembeu ya babake.

Bamvua ya pili, wiki mbili baadaye, ishushe. Siku ya kwanza itaingiza maji. Usifadhaike, yateke kwa upo. Ya pili yatapungua. Ya tatu, ingia alfajiri uguse mbao za chini. Zikiwa kavu, tweka tanga.