Dawa ya Fangasi Ikikutana na Kaftrio: Jinsi ya Kupanga Vidonge

Mimi ni mfamasia katika kliniki ya sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafu kuwa mzito, hapa Uingereza. Tangu Kaftrio, dawa ya ugonjwa huo, itufikie mwaka 2020 (Marekani huitwa Trikafta), ute mzito uliokuwa ukiziba mapafu ya wagonjwa wetu umelegea, na Aspergillus fumigatus, fangasi anayejificha humo, tunamkuta mara chache zaidi. Furaha yangu ni kubwa. Ila wapo ambao bado wanahitaji dawa ya fangasi, na wao ndio nawaandikia.

Hatua ya 1: Tafuta makohozi ya kweli. Wengi wanaotumia Kaftrio hawakohoi tena kitu, wakiombwa sampuli wanatema mate. Maabara ikijibu "hakuna fangasi," imepima mate. Sisi humvutisha mgonjwa mvuke wa maji ya chumvi kali, kisha akohoe kutoka kifuani.

Hatua ya 2: Pima damu. Tunaangalia IgE, kingamwili inayopanda mwili ukiwa na mzio wa Aspergillus, na tunailinganisha na namba zake za zamani. Pima na ini pia, kwa sababu Kaftrio na dawa ya fangasi zote mbili zinaweza kulidhuru.

Hatua ya 3: Punguza Kaftrio kabla ya kumeza kidonge cha kwanza cha fangasi. Hapa ndipo penye hatari. Dawa za fangasi itrakonazoli, vorikonazoli na posakonazoli huzuia CYP3A4, kimeng'enya cha mwili kinachovunjavunja Kaftrio, basi Kaftrio inajazana mwilini. Mtu mzima aliyezoea vidonge viwili vya Kaftrio kila asubuhi na kidonge cha ivakafta jioni, sasa humeza viwili asubuhi mara mbili tu kwa wiki, na cha jioni anaacha kabisa. Yaani vya asubuhi vinashuka kutoka 14 hadi 4 kwa wiki. Watu hushtuka, wanadhani tunawanyima dawa. Huwa nachukua kile kisanduku chenye vyumba saba, natia viwili Jumatatu, viwili Alhamisi, kwingine naacha wazi, na mgonjwa anaondoka nacho. Flukonazoli, dawa nyingine ya fangasi, ina mpangilio wake tofauti, usiuchanganye na huu.

Kijana mmoja aliandikiwa itrakonazoli kwingine, hakuna aliyemuuliza kuhusu Kaftrio. Wiki tatu baadaye vipimo vya ini vilikuwa juu mno. Iliniuma sana, maana swali moja tu lingetosha. Kwa hiyo popote uendapo, taja dawa zako zote, hata kama hujaulizwa.

Anayetumia Orkambi, dawa nyingine ya sistiki faibrosisi, mambo kwake ni kinyume: lumakafta iliyomo ndani yake huharakisha kuvunjwa kwa itrakonazoli, na fangasi anabaki salama.

Hatua ya 4: Ukimaliza dawa ya fangasi, usirudie dozi ya zamani ya Kaftrio siku hiyo hiyo. Itrakonazoli huchukua siku 7 hadi 14 kuisha kwenye damu. Sisi ndio tutakupangia tarehe ya kurudi, na tutapima ini tena.

Macho yakigeuka manjano au mkojo ukiwa wa rangi ya chai, usingoje zamu yako ya kliniki. Tupigie siku hiyo hiyo.