Filamu ya hali halisi kuhusu mgogoro wa wavuvi: anza na wavu, joto la bahari lije baadaye

Somo hili nimelijenga juu ya pwani ya Kwale, Kenya, kati ya Gazi na Vanga, ambako wenyeji wanaotega malema (mitego ya kusukwa) hugombana na wageni, wengi wao kutoka Pemba, wanaokuja dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi ya msimu, na nyavu za ringineti wakati wa kaskazi.

Hatua ya kwanza ni kuchagua diko moja, yaani mahali vyombo vinaposhusha samaki, na msimu mmoja. Fika kabla kaskazi haijashika, ukae siku kadhaa bila kutoa kamera, ujue nani anauza kwa nani. Utagundua mapema kwamba pande si mbili: kina mama karanga, wanaokaanga samaki na kuuza, mara nyingi huwapenda wageni kwa sababu vibua hujaa ufukweni, na BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufukwe, nayo hupata ushuru kutokana na samaki haohao wanaolalamikiwa.

Hatua ya pili ni ruhusa. Mbali na kibali cha serikali, muone mwenyekiti wa BMU na wazee, kisha uende dago peke yako ukazungumze na nahodha. Mimi niliwahi kupelekwa dago na mwenyeji mmoja, nikahesabiwa mtu wake mpaka msimu ukaisha.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo inayobeba filamu, ni kupanda vyombo vyote viwili. Mtegaji wa malema huenda na mtumbwi karibu na miamba, akifuata bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo). Chombo cha ringineti hubeba watu ishirini na zaidi, nao huzungushia wavu kundi la samaki. Wavu huo umekusudiwa maji ya kina kirefu, na ugomvi huwaka unaposogezwa kwenye maji mafupi, ukakokota matumbawe na kuvunja malema. Kwa hiyo onyesha kina chenyewe: piga picha ya kamba yenye alama ikishushwa majini, kwa kuwa picha hiyo itaeleza zaidi kuliko maneno ya mhojiwa yeyote.

Hatua ya nne ni joto. Mwaka 1998, El Niño ilipopasha Bahari ya Hindi, matumbawe mengi ya pwani hii yalipauka na kufa, na upaukaji ulirudi mwaka 2016. Wahoji wazee wanaoukumbuka mwaka ule, upige picha chini ya maji, lakini usimwache msimulizi aseme kwamba joto ndilo lililoleta ugomvi. Joto limepunguza makazi ya samaki wa miambani. Wavu, ushuru na bei vina sehemu yao, na filamu inayovificha humwonea mvuvi.

Katika uhariri, acha Kivumba, Kidigo na Kipemba visikike, uweke maandishi ya Kiswahili sanifu chini ya picha.

Maswali ya wanachama

*Nina simu tu. Je, inatosha?*
Picha itatosha, sauti haitatosha. Nunua kinasa sauti kidogo chenye kifuniko cha manyoya, kwa sababu upepo wa baharini hufuta maneno, na simu uifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji.

*Wavuvi wakidai malipo nifanye nini?*
Usilipie maneno. Lipia kilicho gharama kweli, yaani mafuta ya mashine na siku ya kazi iliyopotea, na ulipe kiwango kilekile pande zote, hadharani.

*Mvuvi amekiri mbele ya kamera kwamba anatumia juya, wavu unaokokotwa hadi ufukweni. Nimwonyeshe?*
Juya limepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2001, kwa hiyo sura yake inaweza kuwa ushahidi dhidi yake. Mweleze hilo kabla hajakubali, na hata akikubali, onyesha mikono na wavu, uondoe jina la chombo na mandhari ya ufukwe. Ile picha ya awali usiibebe kwenye simu unayotembea nayo dikoni.