Kabla ya kumchagua mtoto wa lurcher, mtazame mama yake
Kwa mlioko Uingereza mnaotaka lurcher (mbwa chotara wa mbio, mzazi mmoja akiwa wa aina ya mbio) wa matembezi na wa kuwinda sungura mara moja moja: kabla hujamshika mtoto yeyote, omba mama yao afunguliwe kamba uwanjani, kisha aitwe akiwa anakimbia. Akigeuka na kurudi, hapo chagua. Mbio zimo tayari kwenye damu ya greyhound au whippet, aina za mbwa wa mbio. Kinachopungua ni usikivu, na damu ya collie, mbwa wa kuchunga kondoo, husaidia sana hapo. Jaribio hili halitoshi kama watoto bado wachanga, maana mama hatajitenga nao, au baba akiwa saluki, aina nyingine ya mbwa wa mbio: wengi wao wakishaona windo hawasikii mtu. England na Wales, sheria ya uwindaji kwa mbwa ya 2004 inataka ruhusa ya mwenye shamba kabla ya kuwinda sungura.