Shina kwa wino, majani kwa penseli: nilivyosoma matukio ya sasa kwa mtihani wa utumishi wa umma

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa mchujo wa utumishi wa umma nilikuwa na madaftari manne yaliyojaa. Nilikuwa nimenakili kila kilichopita mbele ya macho: mkutano huu, tuzo ile, waziri fulani kaapishwa, nchi fulani imerusha setelaiti. Nikaanguka kwenye matukio ya sasa, wakati hesabu niliyokuwa nikiiogopa nilifaulu. Mara ya pili nikaanguka tena, kwa alama chache. Mara ya tatu nilikuwa na daftari moja tu, nikapita. Ninachoeleza hapa ni kile kilichobadilika kati ya mara ya pili na ya tatu.

Kosa moja la mara ya pili nalikumbuka hadi leo. Ilikuwa Septemba 2023. Swali: NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ina wanachama wangapi? Majibu ya kuchagua yalikuwa 29, 30, 31 na 32. Nikaweka 30 bila kusita, maana hiyo ndiyo namba niliyoikariri tangu Makedonia Kaskazini ilipoingia mwaka 2020. Niliporudi nyumbani nikafungua daftari la tatu, na kwa mwandiko wangu mwenyewe nikakuta: "Finland yajiunga NATO, 4 Aprili 2023." Habari nilikuwa nayo na namba nilikuwa nayo, ila kila moja ililala ukurasa wake na hazikuwahi kusalimiana. (Sweden iliingia 7 Machi 2024, ikawa ya 32. Hiyo sitaisahau.)

Usiku huo nikaanza daftari jipya. Kila taasisi nikaipa ukurasa wake. Juu ya ukurasa, kwa kalamu ya wino, niliandika yale yasiyobadilika au yanayobadilika mara moja kwa vizazi: ilianzishwa lini, makao yake wapi, nani anamchagua mkuu wake, muhula ni miaka mingapi, maamuzi yanapitishwaje. Hilo niliita shina. Chini yake, kwa penseli, majani: nani anaongoza sasa, wanachama wangapi, mkutano wa mwisho ulikaa wapi, nani kaingia, nani katoka. Na kila jani lazima liwe na tarehe. Jani lisilo na tarehe nilikuwa nalifuta hata kama ni kweli, kwa sababu baada ya miezi minne sitajua kama limeshanyauka.

Chukua Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Kuna wanaojaribu kukariri majina ya wanachama wote 15 na kila Januari wanaanza upya, wanachoka. Shina lenyewe ni jepesi: watano ni wa kudumu, nao ni China, Marekani, Ufaransa, Uingereza na Urusi, kumi huchaguliwa na Baraza Kuu kwa miaka miwili, watano kila mwaka, na huanza tarehe 1 Januari. Ukishajua hivyo, kila mwaka una majina matano tu ya kufuta na matano ya kuandika. Mtunga swali naye anajua hivyo. Anachopenda ni kukuwekea nchi iliyomaliza muda wake Desemba iliyopita katikati ya waliopo.

Sasa nije kwenye jambo lililonipa alama nyingi kuliko yote, nalo ni vitenzi. Watahiniwa wengi wanakariri majina na tarehe, vitenzi wanavipita. Mtunga maswali anaishi kwenye vitenzi.

Mfano ninaoupenda ni BRICS, kundi lililoanza na Brazil, Urusi, India na China, kisha Afrika Kusini. Agosti 2023, kwenye mkutano wa Johannesburg, nchi sita zilialikwa: Argentina, Ethiopia, Falme za Kiarabu, Iran, Misri na Saudi Arabia. Aliyeandika "BRICS yaongeza wanachama sita" ameandika uongo bila kujua. Argentina ilipata rais mpya, na kabla mwaka haujaisha ikakataa mwaliko. Januari 2024 zikaingia Ethiopia, Falme za Kiarabu, Iran na Misri. Saudi Arabia ikabaki katika hali ya kutoeleweka, na hapo ushauri wangu ni kuandika neno "ilialikwa" na kuishia hapo. Januari 2025 ikaingia Indonesia, ambayo haikuwamo kabisa kwenye ile orodha ya sita. Kualikwa, kukubali, kukataa, kujiunga: vitenzi vinne, na kila kimoja kinaweza kuwa jibu sahihi au mtego.

Mikataba nayo ni hivyo hivyo. Mkataba wa Paris wa tabianchi ulipitishwa 12 Desemba 2015, ukafunguliwa kutiwa saini 22 Aprili 2016, ukaanza kutumika 4 Novemba 2016. Ukiulizwa "mwaka wa Mkataba wa Paris" bila kitenzi, jibu 2015. Ukiulizwa ulianza kutumika lini, 2015 ni kosa. Mkataba wa kulinda viumbe wa bahari kuu ulipitishwa Juni 2023, lakini ulihitaji nchi 60 ziuridhie. Idadi hiyo ilitimia Septemba 2025, na siku 120 baadaye, yaani 17 Januari 2026, ndiyo tarehe ya kuanza kwa nguvu yake ya kisheria. Nilichora mstari ukutani wenye vituo vinne: kupitishwa, kusainiwa, kuridhiwa, kuanza kutumika. Kila mkataba mpya nikiusikia redioni naupeleka kwenye mstari ule na kuuliza umefika kituo gani. Mwenzangu niliyekuwa nasoma naye alicheka kuona ukuta wangu umekuwa kama njia ya treni. Baada ya wiki mbili akanakili.

Kuchaguliwa na kuanza kazi pia ni mambo mawili. Kirsty Coventry wa Zimbabwe alichaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki Machi 2025, akakabidhiwa ofisi Juni. Kati ya miezi hiyo, mwenye ofisi alikuwa bado Thomas Bach. Swali likisema "nani alikuwa rais Aprili 2025" wengi wataanguka.

Halafu kuna pacha wanaofanana. Hawa nawapa ukurasa mmoja wa pamoja, mmoja kushoto mwingine kulia, ili macho yazoee kuwatofautisha. Pacha maarufu kuliko wote ni mahakama mbili zilizopo The Hague, Uholanzi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, ni chombo cha Umoja wa Mataifa, ina majaji 15 wa miaka tisa, na wanaoshtakiana pale ni nchi kwa nchi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ilitokana na Mkataba wa Roma wa 1998, ikaanza 1 Julai 2002, ina majaji 18, na anayesimama kizimbani ni mtu. Kila ukisikia habari ya The Hague jiulize kwanza: anayeshtakiwa ni nchi au mtu? Jibu hilo peke yake linakutoa kwenye nusu ya mitego.

Pacha wengine wamo Umoja wa Afrika. Februari 2025, kwenye mkutano mmoja Addis Ababa, João Lourenço wa Angola alichukua uenyekiti wa Umoja, na Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti akachaguliwa mwenyekiti wa Kamisheni. Wote "wenyeviti". Wa kwanza ni rais wa nchi na kiti chake ni cha mwaka mmoja, wa kupokezana. Wa pili ni mtendaji mkuu, kwa miaka minne. Nilikuwa nikiwachanganya mpaka nilipoacha kukariri majina na kuanza kukariri kazi zao.

Na lipo neno "wa kwanza". Jihadhari nalo. Ukiulizwa Mwafrika wa kwanza kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mkono utakimbilia Kofi Annan. Ni Boutros Boutros-Ghali wa Misri, aliyeanza 1992. Annan alimfuata 1997. Ngozi Okonjo-Iweala alipoanza kuongoza Shirika la Biashara Duniani Machi 2021 alikuwa mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kwa pamoja, kwa hiyo swali lake linaweza kuja kwa sura mbili.

Usomaji wa kila siku hauna mengi ya kueleza. Nilikuwa natumia dakika arobaini, asubuhi kabla ya kazi: taarifa moja ya habari ya redio na gazeti moja. Moja tu. Ukisoma matano unasoma habari ile ile mara tano ukidhani umejua mambo matano. Kichujio changu kilikuwa swali hili: je, habari hii imebadilisha jina, namba, mahali, au sheria? Kama haijabadilisha chochote kati ya hivyo, hata iwe na kelele kiasi gani, naipita. Malumbano ya wanasiasa, kauli kali, nani kamjibu nani, yote hayo yalijaza madaftari yangu ya mwanzo na hayakunipa alama hata moja.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kazi. Nilichukua vikaratasi nilivyoandikia habari za wiki nzima nikahamishia kila kimoja kwenye ukurasa wa taasisi yake: nafuta jani la zamani, naandika jipya, naweka tarehe. Kikaratasi kikikosa ukurasa wa kwenda, ama nafungua ukurasa mpya wenye shina kamili, ama nakitupa. Wiki za mwanzo kazi hii ilinichukua saa tatu, baadaye ikashuka hadi saa moja.

Mwisho wa mwezi nilikuwa natunga maswali ishirini, mwenzangu naye ishirini, tunabadilishana. Hapa nisikufiche: kujibu maswali ya mwenzangu kulinisaidia, ila kutunga kulinisaidia zaidi. Ukitaka kutunga majibu matatu ya uongo yanayofanana na ukweli, lazima ujue ukweli umepakana na nini. Jaribu mwenyewe: "Ni shirika gani lilijiunga na G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, mwaka 2023?" Ukiweka Umoja wa Afrika (ndilo jibu), ASEAN ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, Jumuiya ya Nchi za Kiarabu na Umoja wa Ulaya, utakuwa umejikumbusha kwamba Umoja wa Ulaya ulikuwa mwanachama tangu mwanzo, na kwamba G20 kwa sasa ni nchi 19 na mashirika mawili. Jina lenyewe linadanganya hesabu.

Kuhusu yale makabrasha ya PDF yanayozunguka kwenye makundi ya simu, "matukio 1000 ya mwaka mzima": nilichukua moja mara ya pili. Lilikuwa bado linamtaja David Malpass kama rais wa Benki ya Dunia, wakati Ajay Banga alishaanza kazi Juni 2023. Aliyeliandaa alinakili la mwaka uliotangulia akabadilisha jalada. Kama huna budi kulitumia, lisome kama orodha ya mambo ya kuhakiki, kisha nenda kwenye tovuti ya taasisi yenyewe. Mkuu wa shirika hutajwa huko wazi, na wanachama wamehesabiwa.

Usaili ni habari nyingine. Mtihani wa kuandika, kwa uzoefu wangu, uliuliza zaidi ya mwaka uliopita na karibu haukugusa wiki za mwisho, kwa kuwa karatasi hutungwa mapema. Jopo linaweza kukuuliza la jana, na halitaki namba peke yake. Mimi niliulizwa Machi 2025 kuhusu Mali, Burkina Faso na Niger. Nikajibu kwamba zimetoka ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, 29 Januari 2025 na wanachama wamebaki 12. Mmoja wa wasaili, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akaniuliza: "Walitangaza Januari 2024. Mwaka mzima walikuwa wapi?" Hilo lilikuwa shina, na nilikuwa nalo kwa wino: mkataba wa jumuiya ile unataka notisi ya mwaka mmoja. Akaandika kitu kwenye karatasi yake bila kuinua uso.

Ukurasa wa mwisho wa daftari niliuacha kwa mambo ambayo hayajatokea lakini tarehe zake zinajulikana. Muhula wa pili wa António Guterres unaisha 31 Desemba 2026. Mrithi wake anapendekezwa na Baraza la Usalama na kuteuliwa na Baraza Kuu. Olimpiki za 2028 ni Los Angeles, za 2032 Brisbane. Kombe la Dunia la 2030 wenyeji ni Moroko, Hispania na Ureno, na mechi tatu za ufunguzi zitachezwa Uruguay, Argentina na Paraguay. Daftari hilo sasa linatumiwa na mdogo wangu. Juzi nilimkuta amekaa na kifutio, anafuta mwandiko wangu jani kwa jani, na kwenye shina la ECOWAS ameongeza mstari ambao mimi sikuwa nao.