Kutoka Rasimu ya Kwanza hadi Mkataba: Mwongozo kwa Mwandishi wa Hadithi wa Moshi na Arusha

Mwandishi wa hadithi anayeanza kazi mjini Moshi au Arusha mara nyingi huuliza kwanza namna ya kumpata mchapishaji, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni kama mswada wake umefikia mahali ambapo msomaji asiyemjua atausoma hadi mwisho bila kuombwa. Kwa hiyo hapa ufundi unatangulia na kuchukua nafasi kubwa zaidi. Masharti ya tuzo na mikataba mtu huweza kuyaelewa kwa wiki chache, lakini kusimulia vizuri hudai miaka.

Anza na haja ya mhusika. Kabla ya sura ya kwanza, andika sentensi moja inayotaja anachokitaka mhusika mkuu, anayemzuia, na siku ambayo jambo hilo haliwezi kuahirishwa tena. Chukua mfano wa mama anayeuza ndizi katika soko la Mbuyuni, Moshi. Kusema kwamba anataka maisha bora hakumsaidii mwandishi, kwa sababu hakuna asiyeyataka. Lakini ikiwa anataka kumzuia mwanawe wa kwanza asiuze sehemu ya kihamba, yaani shamba la ukoo, walichoachiwa na marehemu baba, na mwana huyo yuko njiani kutoka Dar es Salaam pamoja na umati unaorudi nyumbani kwa Krismasi, hadithi tayari ina mgogoro, ina muda na ina mahali. Desemba ya Kilimanjaro ni hazina kwa mwandishi: ukoo hukutana, mbuzi huchinjwa, mbege hunywewa, na madai ya mipaka yaliyolala mwaka mzima huamka mbele ya wageni.

Haja ikishajulikana, andika tukio lenyewe badala ya kulitolea taarifa. Rasimu za kwanza hujaa sentensi za namna hii: "Mama Eliya alikasirika na kuhuzunika sana kwa sababu mwanawe hakumheshimu." Msomaji amearifiwa, lakini hajaona kitu. Sasa isome ikiwa imeandikwa upya:

"Eliya alisimama mbele ya meza, funguo za gari mkononi, akatazama huku na huku kana kwamba anatafuta mtu mwingine. Hakuamkia. Mama Eliya akaendelea kupanga vichane vya ndizi, akainua uso na kumtazama mzee aliyesimama nyuma ya mwanawe. 'Nikufungie vingapi, baba?'"

Hasira haikutajwa hata mara moja. Shikamoo iliyokosekana inatosha, kwa kuwa msomaji wetu anaujua uzito wa mtoto kusimama mbele ya mamake bila kumwamkia. Mwandishi anayeamini kwamba msomaji ataelewa hupata nafasi ya kusema mambo mengine.

Vitenzi navyo vinahitaji uangalizi wa pekee, kwa sababu Kiswahili kimempa msimulizi zana kali ambazo wengi huzitumia kwa mazoea tu. Kiambishi cha -li- hulitia tukio katika wakati uliopita; -ka- hulisukuma mbele kutoka tendo hadi tendo; -ki- hulishikilia tendo moja likiwa linaendelea wakati jingine linatokea; hu- hueleza desturi. Aya yenye -li- katika kila sentensi hudorora na kusomeka kama taarifa ya polisi, na aya yenye -ka- pekee hukimbia mno hata msomaji akashindwa kupambanua kikubwa na kidogo. Chukua ukurasa wako mmoja, pigia mstari kila kitenzi, kisha jiulize kama kila kiambishi umekichagua au kimejileta. Ninalipenda zoezi hili kuliko mengine yote, kwani hubadilisha mwendo wa hadithi bila kuongeza neno hata moja.

Katika majibizano, kumbuka kwamba watu wenye jambo zito hawajibu moja kwa moja kile walichoulizwa. Mama akiuliza habari za kihamba, mwana huuliza habari za mguu unaomsumbua mama. Kumbuka vilevile kwamba namna ya kuitana hubeba uhusiano mzima: kijana wa Arusha atamwita mwenzake "chalii", lakini hatathubutu kumwita hivyo mwalimu mstaafu wa Machame, na mwenye duka ataitwa "mangi" hata na mteja anayemdai. Mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanite, wa Mererani na karani wa benki hawawezi kuzungumza kwa sentensi za urefu mmoja. Msimulizi anaweza kubaki na Kiswahili sanifu huku wahusika wakisema kama wanavyosema sokoni na katika daladala. Neno la Kichaga au la Kimaasai likiingia, lizungushie tendo linaloonyesha maana yake, usimsimamishe msomaji ili umpe tafsiri.

Rasimu ikikamilika, iache ipumzike mwezi mmoja, kisha isome kwa sauti kutoka karatasini. Ulimi hukwama pale sentensi ilipovimba. Futa aya za mwanzo zinazosifu theluji ya mlima, kwani zimeshaandikwa mno, na mwenyeji wa Moshi haangalii Kilimanjaro kama mtalii; huangalia mawingu yake ili ajue kama mvua inakuja. Kisha wape wasomaji wawili au watatu wasio ndugu zako, na usiwaulize kama hadithi ni nzuri. Waulize waliiweka chini ukurasa upi.

Upande wa soko, njia zipo zaidi ya moja. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa mwaka 2023. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoasisiwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea pia miswada ambayo haijachapishwa. Tarehe ya mwisho ya tuzo, hata usiposhinda, humlazimisha mtu kukamilisha mswada, na hiyo peke yake ni faida. Wengine huuza simulizi kwa sehemu kupitia WhatsApp, msomaji akilipia sehemu inayofuata kwa simu. Njia hii huleta fedha mapema na hufundisha kumshika msomaji, ila hudai kishindo mwishoni mwa kila sehemu, na vishindo hivyo vikikusanywa katika riwaya moja huchosha. Kabla ya kuanza kuuza hivyo, soma masharti ya tuzo unayoilenga, kwa kuwa kazi iliyokwisha kusambazwa inaweza kukataliwa. Anayejichapishia aombe ISBN, namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na amlipe mhariri kabla ya kumlipa mchoraji wa jalada.

Hakimiliki ni yako tangu unapoandika. Kwa sheria ya mwaka 1999 hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hukupa ushahidi pakizuka mzozo. Katika mkataba, tazama kwanza mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika kila nakala inayouzwa, unakokotolewa kutoka wapi. Asilimia 10 ya bei ya jalada ya shilingi 10,000 ni shilingi 1,000 kwa kila nakala. Asilimia hiyohiyo ya mapato ya mchapishaji, baada ya duka la vitabu kupewa punguzo la asilimia 40, ni shilingi 600. Katika nakala 2,000 tofauti hiyo inafika shilingi 800,000. Tazama pia muda wa mkataba, siku ya kupewa hesabu ya mauzo, na kitakachotokea kitabu kikikosekana madukani. Haki za tafsiri, filamu na kitabu cha kusikiliza ziandikwe kila moja kwa jina lake, na ile ambayo mchapishaji hana mpango wa kuitumia ibaki mikononi mwako.