Namna ya kuchimba historia ya mji mdogo wa wakulima kwenye nyanda za Marekani

Ukitaka kujua mji wa wakulima wa Nebraska au Kansas ulitoka wapi, usikimbilie ofisi ya mji. Anza na reli. Miji mingi kule ilizaliwa na kampuni za reli, stesheni kila baada ya maili chache, mkulima aweze kupeleka nafaka kwa gari la farasi na kurudi siku hiyohiyo. Fungua ramani, ifuate reli ya Burlington kwa kidole kuelekea magharibi: Crete, Dorchester, Exeter, Fairmont, Grafton, Harvard. Umeona herufi za mwanzo? Mtu alikaa mezani akagawa majina kwa alfabeti. Nikifika Harvard hucheka: mahindi tele, maprofesa hakuna.

Reli pia iliweza kuua mji. Nicodemus, Kansas, ilianzishwa mwaka 1877 na Wamarekani Weusi, wengi wao waliowahi kuwa watumwa Kentucky. Mwaka 1888 reli ikapita ng'ambo ya mto Solomon, na wenye maduka wakaifuata.

Baada ya hapo, ingia kwenye ardhi, na hapa usiwe na haraka. Sheria ya Homestead ya 1862 ilimpa mtu ekari 160 akikaa na kulima miaka mitano. Tafuta kwanza hati yake ya kumiliki ardhi hiyo katika kumbukumbu za ardhi za serikali kuu, ambazo zipo mtandaoni bure. Chukua namba, kisha uagize jalada zima kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington. Ndani utakuta nyumba ilikuwa na ukubwa gani, kisima, ekari zilizolimwa, familia ya watu wangapi. Andika pia majina ya mashahidi waliothibitisha kwamba alikaa na kulima, maana kwa kawaida ni majirani. Agiza na majalada yao. Mara nyingi walishuhudiana wao kwa wao, na ukiyapanga majalada matatu manne, kijiji kinaanza kuonekana.

Sensa ya 1890 usiisumbukie. Karibu yote ilipotea kutokana na moto wa 1921. Ziba pengo kwa sensa za jimbo: Kansas ilihesabu watu mwaka 1885 na 1895.

Kwa majengo, tumia ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, ambazo rangi zake huonyesha jengo ni la nini: waridi ni matofali, njano ni mbao. Mji mdogo mno huenda haumo. Basi soma gazeti la wilaya, safu ya nani kamtembelea nani. Ni umbea mtupu, lakini una tarehe.