Jinsi ya Kuwapima Wafanyakazi Maambukizi Bila Kulegeza Kinga Yao

Siku ya upimaji inapokwisha, mara nyingi hutokea jambo ambalo msimamizi hakulitarajia: mfanyakazi aliyepewa majibu hasi huikunja karatasi yake, huitia mfukoni, kisha hushusha barakoa hadi kidevuni na kumsogelea mwenzake waendelee na mazungumzo. Hafanyi hivyo kwa ukaidi. Amesikia neno "hasi" akaelewa "nimesalimika". Kwa sababu hiyo, anayepanga upimaji kazini anapaswa kuyaandaa maneno yatakayoambatana na majibu kwa uangalifu uleule anaoandaa nao vitendanishi, yaani kemikali za kupimia.

Maandalizi yaanze siku kadhaa kabla. Kutana na wafanyakazi katika vikundi vidogo, uwaeleze ni ugonjwa gani unaopimwa, ni nani atakayeyaona majibu, na itakuwaje kwa atakayekutwa na maambukizi. Swali hilo la mwisho ndilo linalowanyima watu usingizi, na lisipojibiwa waziwazi, mwenye kikohozi atakificha kwa kuhofia mshahara wake. Malipo ya siku za ugonjwa yaamuliwe kabla mtu wa kwanza hajapimwa. Kuhusu virusi vya ukimwi, Pendekezo Na. 200 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2010, linataka upimaji uwe wa hiari kweli, mfanyakazi asishurutishwe kutaja hali yake, na maambukizi yasiwe sababu ya kumwachisha kazi. Kwa magonjwa yanayoenea kwa hewa, kama kifua kikuu, huenda mgonjwa akalazimika kukaa mbali na wenzake kwa muda. Hata hivyo, wenzake wanaweza kuarifiwa kwamba walikuwa karibu na maambukizi bila jina lake kutajwa.

Wakati wa kutoa majibu, mpokee kila mtu peke yake, hata aliyekutwa hana maambukizi. Nasisitiza hili kwa sababu ushauri nasaha hupewa zaidi waliokutwa na maambukizi, ilhali hao wengine huruhusiwa kuondoka na karatasi tu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 1999, uliounganisha tafiti 27 za upimaji wa virusi vya ukimwi na ushauri nasaha, ulionyesha kwamba waliokutwa na virusi walipunguza ngono isiyo salama, lakini waliokutwa hawana hawakubadilika kuliko watu ambao hawakupimwa kabisa. Mazingira ya kazini ni tofauti, lakini funzo linatufaa: majibu mazuri peke yake hayamfundishi mtu kujikinga.

Mweleze basi kwamba kila kipimo kina kipindi ambacho hakioni kitu, kiitwacho kipindi cha dirisha. Kipimo cha haraka cha kingamwili za virusi vya ukimwi, yaani kinachotafuta protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi hivyo, kinaweza kuhitaji siku 23 hadi 90 tangu mtu aambukizwe ndipo kionyeshe maambukizi. Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu husomwa baada ya saa 48 hadi 72, na mwili huweza kuchukua wiki 2 hadi 8 baada ya maambukizi kabla ya kukiitikia. Tena, kuitikia huko hakumaanishi kwamba mtu anaumwa au anaambukiza wengine, bali kwamba anahitaji uchunguzi zaidi. Unaweza kumwambia hivi: "Leo kipimo hakikuona maambukizi. Hakiwezi kutuambia lolote kuhusu kesho, na huenda kisione yaliyoingia majuzi, kwa hiyo endelea na barakoa na kunawa mikono kama ulivyokuwa jana."

Kwa wahudumu wa afya, hatari huingia pia kupitia majibu ya mgonjwa. Mhudumu anayevaa glavu kwa sababu tu faili limeandikwa "chanya" atazivua mbele ya mgonjwa ambaye hajapimwa, au aliye bado katika kipindi cha dirisha. Kanuni ni kuichukulia damu ya kila mgonjwa kuwa inaweza kuambukiza. Na anayechomwa na sindano atoe taarifa palepale, kwa maana dawa kinga dhidi ya virusi vya ukimwi huanzwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na kutumiwa kwa siku 28. Anayeogopa kwamba taarifa yake itafuatwa na minong'ono atazipoteza saa hizo akiwa kimya.

Baada ya wiki mbili, pita mwenyewe ukaangalie. Usiulize watu kama wanajikinga, kwani jibu unalijua. Tazama barakoa ziko wapi usoni, sabuni imepungua kiasi gani, na wangapi wametoa taarifa ya homa au kikohozi bila kuitwa. Ikiwa hakuna hata mmoja aliyejitokeza katika msimu ambao watu wanakohoa, chunguza jinsi alivyotendewa mtu wa mwisho aliyekutwa na maambukizi, urekebishe hilo kabla ya kupanga tarehe nyingine ya upimaji.